Kipimo Kilichosema Nina Mimba

Mama Kahambu, muuguzi aliyenichoma sindano ya kwanza hadi ya mwisho, ndiye aliyeniomba niandike haya. Alisema mara kwa mara huja mwanamke mwenye ugonjwa kama wangu, akakaa kwenye benchi la wodi ya uzazi huku akiamini yuko peke yake duniani, na yeye hukosa la kumpa zaidi ya sindano na maneno mawili matatu.

"Weye unajuaka kupiga mashine," aliniambia. "Uandike. Nitakuwa nabapatia, basome wakati banangojea."

Ni kweli, najua kupiga mashine. Mimi ni sekreteri wa shule moja ya sekondari huko Beni, mashariki ya Kongo, na kwa miaka tisa nimeandika mitihani na barua za watu wengine. Mambo ya madaktari sitayaeleza sana, maana wao wanayaeleza vizuri kuliko mimi. Nitasema yaliyonipata.

Naitwa Kavira. Naishi komini ya Beu, hapo hapo Beni, na mume wangu Paluku, fundi wa kujenga. Tulikuwa tumekaa miaka minne katika ndoa bila mtoto. Mwaka ule, mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, nilikosa siku zangu. Nilinunua kipimo cha mkojo, nikakisoma chooni, nikakisoma tena nje kwenye mwanga. Mistari miwili. Paluku alikichukua, akakifuta, akakiweka kati ya kurasa za Biblia kana kwamba ni barua. Halafu akampigia simu mama yake kule Alimbongo. Mama alikaa kimya muda mrefu hadi tukafikiri mtandao umekatika. Kumbe alikuwa analia.

Watu humwita Mama Paluku. Ni mjane, mrefu, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyelima viazi maisha yake yote kwenye mlima wenye baridi. Alishuka Beni wiki iliyofuata na begi moja, na ndani ya begi sweta ndogo ya sufu ya manjano aliyoifuma mwenyewe. Beni kuna joto, mtoto hahitaji sweta, lakini yeye alikuwa anafikiria Alimbongo.

"Batamuleta kunisalimia," alisema. "Asipate baridi."

Mimba ile ilinisumbua tangu mwanzo. Nilitapika hadi maji. Wiki ya kumi tumbo langu lilikuwa kama la miezi mitano, na akina mama kanisani walinishika mikono wakisema ni mapacha. Nilifurahi. Nataka kulisema hili wazi kwa sababu baadaye niliona aibu kwa ile furaha, na sasa siioni tena. Nilifurahi kwa wiki kumi na moja.

Siku ya kumi na moja ya mwezi wa sita nilikuwa naandika mtihani wa jiografia, nikahisi joto kwenye kiti. Damu. Mkurugenzi wa shule alisimamisha pikipiki barabarani na kunipandisha mwenyewe. Hospitalini daktari kijana alipitisha kile chombo cha ekografi, mashine ya kuona ndani, juu ya tumbo langu, akapitisha tena, kisha akazima sauti ya mashine. Alipozima sauti nilielewa.

"Mama, hapana mutoto ndani," alisema. "Hakukuwako tangu mwanzo."

Alinieleza kwamba ile kondo ya nyuma ilikuwa imeota vibaya, ikajaza tumbo peke yake. Wanaiita *môle*. Kesho yake asubuhi walinisafisha. Niliomba kuona, na muuguzi mmoja akanionyesha beseni. Vilikuwa vipovu vingi vyenye maji, vimeshikana, kama ndani ya tunda la maracuja unapolikata. Niliangalia mara moja tu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha wodi, mikono mapajani.

"Bamemuzika wapi?" aliuliza.

"Hakuna wa kuzika, mama," Paluku alimjibu. "Ilikuwa maji."

"Mutu habebake maji miezi tatu."

Siku mbili baadaye alirudi Alimbongo na sweta yake. Hakunilaumu. Hakuniaga vizuri pia.

Waliniambia nirudi kila wiki kupimwa damu na mkojo, ili waone kama ile homoni ya mimba inashuka. Ikishuka hadi kwisha, basi. Wiki mbili za kwanza ilishuka. Wiki ya tatu ilisimama. Wiki ya nne ilipanda, nikaanza na kikohozi kikavu. Nilinunua kipimo changu mwenyewe dukani, maana sikuamini maabara. Mistari miwili, mizito kuliko ile ya kwanza.

Nikatumwa Butembo, hospitali kubwa zaidi. Pale walipiga picha ya kifua, wakaona doa dogo kwenye pafu la kulia. Daktari wa Butembo ni mtu mzima mwenye sauti ya chini. Alisogeza kiti chake upande wangu wa meza kabla ya kusema.

"Ile kitu iliacha mabaki, na mabaki imegeuka kansa. Neno ni baya, lakini hii ni moja ya zile kansa zenye kusikia dawa. Mimi nimeona banawake banapona na banazaa. Unanisikia, mama?"

Nilisikia neno kansa tu. Mengine Paluku alinirudishia njiani, mara tatu, kwa sababu kila mara nilikuwa nauliza tena.

Kwa ajili ya matibabu nilihamia Bulengera, komini ya Butembo, kwa dada yangu Masika. Paluku alibaki Beni kazini, akawa anapanda kila mwisho wa juma. Mpango ulikuwa huu: sindano siku ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Katikati, vidonge vya kulinda mwili. Kisha kupumzika siku sita au saba, kupimwa damu, na kuanza upya. Tangu hapo nikaacha kuhesabu kwa majuma kama watu wengine. Nilihesabu kwa mizunguko.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia mapema ni benchi. Matibabu yangu yalikuwa upande wa uzazi, kwa hiyo nilingoja na wajawazito. Benchi refu, ukuta uliopakwa rangi ya maziwa hadi kiunoni, na akina mama wenye matumbo yao wakipepea kwa karatasi za kliniki. Kila anayekuja kukaa karibu nawe anasalimia na kuuliza, "Weye umefikisha ngapi?" Siku ya kwanza nilimwambia mmoja, "Miezi tatu." Nilidanganya kwa sababu ilikuwa rahisi. Baadaye nilijifunza kusema, "Mimi ni mugonjwa, niko nangojea dawa." Mmoja alinipa nusu ya ndizi yake iliyochomwa. Kama unasoma haya ukiwa pale kwenye benchi, nakushauri useme ukweli mapema. Kudanganya kunachosha kuliko dawa.

Mama mkwe alifika Bulengera siku mbili kabla ya sindano ya kwanza. Kwa simu alikuwa ameshika jambo moja tu, kwamba kipimo kimesema tena mistari miwili. Alikaa sebuleni kwa Masika, mwavuli bado mkononi.

"Kipimo kinasema nini?" aliniuliza.

"Kinasema mimba, mama. Lakini daktari—"

"Basi ni mimba."

"Daktari anasema ni ile ugonjwa njo inatoa alama ya mimba."

"Balikitengeneza kwa kuonyesha mimba. Kikionyesha mimba, banasema hapana, kinadanganya." Alimgeukia mwanawe, aliyekuwa amepanda kutoka Beni. "Kesho kutwa batamuchoma sindano ya kuua. Bataua nani, Paluku?"

Masika alitaka kujibu, nikamzuia. Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa anakuna vumbi la simenti kwenye kiganja.

"Kavira," alisema mwishowe, "tungojee wiki moja tu. Kama ni mutoto, tumbo itaonyesha."

Sikugombana naye. Nilijua amechoka kuwa mtoto wa mama yake na mume wangu kwa wakati mmoja. Lakini kile kikohozi kilikuwa kifuani mwangu mimi, hakikuwa kifuani mwao. Siku ya sindano niliamka, nikaoga, nikatembea peke yangu hadi barabarani, nikapanda pikipiki.

Mama Kahambu alinipima uzito kwanza, maana dawa hutolewa kwa kilo. Ni mwanamke mnene, mfupi, anayevaa sweta juu ya nguo ya kazi hata jua likiwa kali.

"Ulikuja na nani?"

"Peke yangu."

Alivaa glavu. Dawa ilikuwa ya manjano kama chai ya mchaichai, kidogo sana ndani ya sindano. Aliichoma, akasugua kwa pamba, akasema imekwisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo kubwa, na jambo lenyewe halikuchukua hata muda wa kufunga viatu. Ndipo nilipolia. Alivua glavu, akakaa kando yangu juu ya kitanda, kikalia chini yetu wote wawili.

"Mama mukwe iko wapi?"

"Nyumbani. Anasema munamuulia mujukuu."

Nilifikiri atacheka au atakasirika. Alifikiri kidogo.

"Sindano yenye kufuata, uje naye. Umwambie mimi njo namwita."

Mama mkwe alikuja. Alivaa kitenge chake cha ibada, na nilijua kwa namna alivyofunga kilemba kwamba amekuja kuzuia. Wale wawili walizungumza Kinande tu, lugha ya kwetu. Hapa naandika kwa Kiswahili.

"Mama," Mama Kahambu alimwambia, "wewe umezaa, na umewazalisha wanawake huko kwenu. Mimi sitakufundisha. Njoo uangalie mwenyewe."

Alituingiza chumba cha ekografi. Alikuwapo mama mmoja kutoka benchi letu, mwenye mimba ya miezi mitano, naye akakubali aangaliwe kwanza mbele yetu. Mama mkwe hakuwahi kuona mashine ile. Alisogea hadi pua yake ikakaribia kioo. Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga haraka haraka, na mkono mmoja ukainuka, ukashuka.

"Huyo ni mtu," mama mkwe alisema polepole.

"Ndiyo, huyo ni mtu. Sasa Kavira."

Nililala. Yule mama wa miezi mitano alibaki mlangoni, hakuondoka. Daktari alipitisha chombo, na kioo kikaonyesha kijivu na kijivu.

"Rudi pale," mama mkwe aliagiza. Daktari akarudi. "Upande wa kushoto. Chini zaidi." Alitafuta vile mtu anavyotafuta pete iliyoanguka shambani, sehemu baada ya sehemu, bila kuruka. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Mwishowe alinyoosha mgongo. Akachukua ncha ya kitenge chake cha ibada, akanifuta ile dawa ya utelezi tumboni, polepole, hadi pakakauka.

Nje, kwenye benchi, aliuliza, "Sasa ninyi mnaua nini?"

Maneno ambayo Mama Kahambu alimjibu ndiyo pekee ya kidaktari niliyoyahifadhi, na naomba niyaandike kama nilivyoyasikia.

Alisema mwili umejengwa kwa vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinaitwa seli. Kila seli inazaliwa ikiwa na amri ya kufa ndani yake. Ikizeeka, au ikijiona imeharibika, inajimaliza yenyewe. Inasinyaa, inajikatakata vipande vidogo, na majirani zake wanavila vile vipande, kimya, bila usaha wala homa. Jambo hilo linatokea ndani yetu kila saa na hatulisikii. Seli za kansa ni zile zilizokataa kuitii ile amri. Zimeharibika, lakini hazifi, zinazidi tu kuzaana.

"Dawa hii," alisema, "inazinyima kitu zinachotumia kujenga nyingine. Zikijaribu kuzaana bila kitu hicho, zinavunjika ndani. Kuvunjika kukizidi, ile amri ya zamani inaamka. Zinajimaliza zenyewe. Sisi hatumpigi mtu humu ndani, mama. Tunazirudisha seli kwenye amri yao."

"Na zile nzuri?"

"Zenye kuzaana upesi nazo zinaumia kidogo. Za mdomo, za damu. Ndiyo maana tunampa vidonge katikati, kuziokoa. Utamuona atapata vidonda mdomoni. Huko ndiko nitakuhitaji wewe."

Watoto wachanga walikuwa wanalia nyuma ya ukuta, na kila mara mmoja akilia mama mkwe aligeuza kichwa.

"Basi sikuwa na mjukuu," alisema. "Hata zile siku nilizofuma."

"Hapana, mama. Pole sana."

Alilia bila sauti, akajifuta kwa kiganja. Kisha akauliza kama sindano ya siku hiyo nimeshachomwa. Mama Kahambu akasema bado.

"Mchome," mama mkwe alisema. "Tunangoja nini?"

Vidonda vilikuja siku ya tisa. Kama hujawahi kuvipata, fikiria umekunywa chai ya moto sana na kinywa kizima kimebaki hivyo kwa wiki nzima. Mate yenyewe yalinichoma. Macho yalikuwa kama yana mchanga, na ngozi haikutaka jua hata kidogo. Nywele hazikuisha, zilipungua tu mbele, lakini nilikonda hadi pete ikawa inaanguka ninapofua. Mama mkwe aliivaa kidoleni mwake kunitunzia.

Asubuhi alichemsha maji ya chumvi, akayaacha yapoe, akasimama karibu yangu nikisukutua. Alipika boga na kuliponda hadi likawa laini kabisa, akalipoza kwenye sahani iliyowekwa juu ya beseni la maji. Hakuniuliza kama nataka kula. Alisema, "Kijiko moja," na baada ya kijiko akasema tena, "Moja." Siku nyingine tulifika kumi. Siku nyingine tulifika vitatu, akafunika sahani.

Paluku alipanda Jumamosi ya kwanza baada ya ekografi. Mama yake alikuwa amemwambia kila kitu kwa simu. Alifika na misumari na mabati mawili, akajenga kibanda kidogo upande wa nyuma wa nyumba ya Masika, ili nikae nje bila jua. Alifanya kazi siku nzima. Alipomaliza alikuja kukaa karibu nami kwenye kivuli.

"Siku ile nilikuacha uende peke yako," alisema.

"Ndiyo."

"Sitarudilia."

Tangu siku hiyo hakukosa sindano iliyoangukia Jumamosi au Jumatatu, hata barabara ya Beni ilipokuwa na habari mbaya za mauaji na watu wengine wakaahirisha safari.

Kwenye mzunguko wa tatu, siku ya tano ya sindano iliangukia siku ya *ville morte*. Vijana walikuwa wameita mji ufungwe kwa sababu ya mauaji vijijini. Maduka yalifungwa, pikipiki hazikutembea, mawe na matairi barabarani. Masika alisema niache, nitachomwa kesho. Lakini Mama Kahambu alikuwa amesema tusiruke siku. Mama mkwe alivaa viatu vyake vya shamba.

"Tutatembea," alisema.

Ni mwendo wa saa moja kwa mtu mzima. Kwangu siku ile ulikuwa wa saa mbili na nusu. Nilipumzika kwenye kila kilima, nikikaa juu ya mawe ya watu, juu ya ngazi za maduka yaliyofungwa. Sijawahi kuona Butembo kimya vile. Kwenye kizuizi kimoja vijana walitusimamisha.

"Mama, leo hakuna kutembea. Munaenda wapi?"

"Ospitali," mama mkwe alisema. "Huyu anakohoa kansa. Unataka kumubeba ao unataka kutupisha?"

Mmoja alisogeza tairi. Mwingine, bila kuambiwa, akatutembeza hadi kizuizi kilichofuata, akawaambia wenzake, "Bapite, ni bagonjwa."

Hospitalini benchi lilikuwa tupu kabisa. Niliogopa hakuna mtu. Kisha nikaona viatu vyenye tope vimeachwa mlangoni, na ndani Mama Kahambu amekaa peku, sweta yake imelowa jasho. Naye alikuwa ametembea, kutoka upande wa pili wa mji.

"Nilijua mutakuja," alisema, akaanza kutafuta sindano. Sidhani kama alijua. Nadhani alitumaini tu, kama sisi.

Mzunguko wa nne ulichelewa. Damu yangu ilikuwa chini sana na daktari akakataa kunichoma. Nilikaa siku tisa zaidi nikingoja chembe nyeupe zipande, nikisikiliza kifua changu, nikidhani kila kikohozi ni lile doa linakua. Hizo ndizo siku nilizokuwa mkali kwa kila mtu. Nilimfokea Masika kwa sababu ya harufu ya samaki wake. Nilimwambia Paluku aoe mwanamke mwingine angali kijana. Alisema, "Maliza uji," na hilo ndilo jibu lake lote. Nakuambia wewe unayesoma: siku hizo zitakuja. Utasema maneno mabaya. Wanaokupenda watayasikia, na wengi wao watajifanya hawakusikia.

Lakini namba ilikuwa inashuka. Kila wiki maabara walitoa karatasi, na kila wiki ilikuwa pungufu kuliko ya nyuma. Kikohozi kiliondoka bila kuaga. Siku moja niligundua tu kwamba sijakohoa tangu Jumapili. Mwezi wa kumi na moja, mvua ikiwa kubwa hadi paa la maabara likawa linaimba, mtu wa maabara alinipa karatasi, akanipa na kipimo cha mkojo nilichokiomba mwenyewe. Mstari mmoja.

Nilikwenda nacho kwenye benchi. Wajawazito wote walikiona mkononi mwangu, na mmoja akanipa pole kwa sababu alidhani nilikuwa natafuta mtoto. Nikamwambia hapana, mama, hii ni furaha. Mama mkwe alikichukua, akakigeuza kwenye mwanga upande huu na upande ule.

"Moja," alisema, kama alivyokuwa akisema kwenye boga. Akakirudisha kwangu.

Haikuishia pale. Walinichoma mizunguko mitatu tena baada ya namba kufika mwisho, kwa sababu huenda kuna seli chache zimejificha ambazo kipimo hakizioni. Mizunguko hiyo ndiyo migumu kuliko yote, maana unajisikia mzima na bado unakwenda kujichomesha. Usiache. Yuko mama mmoja niliyemjua pale, aliacha mapema, ikamrudia, ikabidi aanze na dawa kali zaidi. Yu hai, lakini alipata taabu mara mbili.

Siku ya sindano ya mwisho Butembo ilikuwa na baridi. Mama mkwe alikuja na begi lake. Tulipopita wodini tulimkuta msichana aliyejifungua alfajiri, amemfunga mtoto kwa taulo nyembamba. Mama mkwe alisimama mbele yake kidogo, akafungua begi, akatoa ile sweta ya manjano. Hakuniangalia kwanza, kisha akaniangalia. Nikatikisa kichwa kukubali. Akamvalisha mtoto mwenyewe, mkono mmoja baada ya mwingine, akamwambia mama yake asiifue kwa maji ya moto.

Baada ya hapo ulikuja mwaka wa kungoja. Kupimwa kila mwezi, na kutoshika mimba hata kidogo, kwa sababu mimba mpya ingeficha ugonjwa ukirudi. Nilikuwa nakunywa vidonge vya kuzuia. Kanisani Beu walianza kuuliza, na mama mmoja akaniletea mzizi wa kusaidia. Nilirudi kazini, nikachoka upesi, nikakosea mitihani, nikasamehewa. Mara mbili tulikimbia mashambulizi usiku kutoka Beu na kurudi, kama watu wote wa Beni, na mara zote mbili karatasi zangu za maabara zilikuwa ndani ya nguo yangu.

Mwaka huo ulipokwisha, daktari alifunga faili. Picha ya kifua ilikuwa safi. Alisema sasa tunaweza kutafuta mtoto tukitaka. Tunataka. Tunatafuta. Hadi leo ninapoandika bado, na sijui kama atakuja. Ningependa kukupa wewe unayesoma mwisho ulio na mtoto ndani, lakini sina, na Mama Kahambu alisema niandike ukweli.

Nina hiki. Wiki mbili zilizopita tulipanda Alimbongo kumsaidia mama mkwe kuvuna viazi. Ukungu ulikuwa haujainuka. Jirani yake mmoja alipita kwenye njia ya shamba, akasimama, akaniangalia juu hadi chini.

"Huyu njo muke wa Paluku? Alishazala?"

Mama mkwe hakuacha kuchimba.

"Huyu ni mutoto wangu," alisema. "Alikuwa mugonjwa sana. Amepona."

Jirani alingoja kama kuna neno jingine, hakukuwa, akaenda zake. Mama mkwe alinielekeza mstari wa pembeni na kuniambia nichimbe polepole. Nilichimba. Nilingoja ule uchovu ulionizoea tangu sindano, haukuja. Nilifika mwisho wa mstari, nikanyoosha mgongo, nikaanza mwingine.